Shikamoo Zisizo na Marahaba

Baba yangu alianza kupoteza usikivu mwaka uleule usharika wetu kule Lushoto uliponunua kinanda cha umeme, kwa hiyo lawama zote zikaenda kwa kinanda. Alikuwa amefundisha kwaya zaidi ya miaka thelathini kwa mdomo wake na ubao wa chaki: anatoa sauti ya do, soprano wanaipokea, alto, tena, besi, wimbo unapanda. Sasa kila Jumamosi jioni akawa anamwambia kijana wa kinandani, "Ongeza." Kijana anaongeza. "Ongeza bado." Tukasema spika ni mbovu. Baadaye akaanza kuwasimamisha soprano mahali ambapo hawajakosea, na kuwaacha wapite walipokosea. Siku moja baada ya mazoezi akanikabidhi faili lake la nota, lile la kijani lililofungwa kwa mpira wa baiskeli, akasema magoti hayamruhusu tena kupanda kilima cha kanisani. Tulimwamini. Tukamnunulia dawa ya kuchua.

Ilipita miaka sita kabla sijaelewa kwamba magoti hayakuwa na neno. Aliyenielewesha ni mtu aliyekufa mwaka 1827.

Nilikuwa nyumbani kwangu Tabata, Dar es Salaam, watoto wamelala, nikaweka kwenye kompyuta diski niliyokopeshwa na rafiki wa kazini. Filamu ya makala inaitwa In Search of Beethoven, inamhusu mtu huyo, mtunzi wa muziki Ludwig van Beethoven; ni ya mwaka 2009, imeongozwa na Mwingereza Phil Grabsky. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametengeneza nyingine ya namna hiyo kuhusu mtunzi mwingine, Mozart. Ni ndefu, inapita saa mbili, na nilikusudia kuitazama nusu. Nilichopenda tangu mwanzo ni kwamba hakuna mwigizaji aliyevishwa nywele za bandia na kuambiwa ajifanye Beethoven. Kuna barua zinazosomwa, kuna wapiga muziki wanaozungumza kama mafundi wanaoeleza kazi yao, na kuna muziki wenyewe, kamera ikiwa karibu sana na mikono. Unaona kidole kinavyobonyeza waya wa fidla na mpiga piano anavyovuta pumzi kabla hajagusa kitu. Kwa mtu aliyekulia kwenye kwaya hilo ndilo la kutazama. Sura na mavazi tumeyaona ya kutosha.

Utoto wake nitaupita haraka. Alizaliwa Bonn, Ujerumani, akabatizwa 17 Desemba 1770. Babu yake, ambaye naye aliitwa Ludwig, alikuwa kiongozi wa muziki wa ikulu ya mtawala wa pale. Baba yake, Johann, aliimba sauti ya tena katika ikulu hiyohiyo, na alikuwa mlevi. Tarehe 26 Machi 1778 alimpandisha mtoto jukwaani mjini Cologne, na kwenye tangazo akaandika kwamba ana miaka sita. Alikuwa na saba. Mama alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1787, na kijana akabaki na baba asiyetegemeka na wadogo zake wawili wa kuwatunza. Novemba 1792 akahamia Vienna, Austria, kusoma kwa mtunzi Haydn, na mwezi uliofuata baba akafa. Bonn hakurudi tena.

Pale Vienna jina lake lilipanda kwanza kama mpiga piano, hasa wa kubuni papo hapo, watu wakikusanyika kwenye nyumba za wenye cheo kumsikiliza. Alikuwa hajafika miaka thelathini masikio yalipoanza kumsumbua.

Hapa ndipo niliposimamisha diski kwa mara ya kwanza. Tarehe 29 Juni 1801 Beethoven alimwandikia rafiki yake wa utotoni, daktari Franz Wegeler. Anasema masikio yanavuma usiku na mchana. Kwa karibu miaka miwili amekuwa akikwepa mikusanyiko kwa sababu hawezi kuwaambia watu kwamba yeye ni kiziwi. Akiwa ukumbi wa maigizo lazima akae karibu kabisa na okestra ndipo amwelewe mwigizaji. Sauti za juu za vyombo, akiwa mbali kidogo, hazimfikii. Mtu akizungumza polepole anasikia sauti lakini hapati maneno, na mtu akimpigia kelele, hilo hawezi kulistahimili.

Niliisikiliza sehemu hiyo tena. Kisha nikaisikiliza mara ya tatu. Anasikia sauti, hapati maneno. Sauti za juu zinatangulia kupotea. Ukipaza anakasirika. Yule alikuwa Baba. Yale mambo tuliyoyaita ukali wa uzee, kwamba siku hizi Mzee ukimsemesha anakuitikia jambo jingine, kwamba ukirudia kwa nguvu anakwambia "mimi si mtoto", kwamba kwenye harusi na misiba anakaa pembeni na wa kwanza kuaga ni yeye, yote yalikuwa kwenye barua ya mtu wa miaka thelathini, aliyeiandika miaka mia mbili iliyopita. Na kile kilima cha kanisani kilikuwa mkusanyiko wake wa kukwepa. Alikuwa amejisikia akikosea mbele ya watu aliowafundisha kusikia, akachagua kusingizia magoti.

Mwaka 1802 daktari alimshauri Beethoven akapumzike Heiligenstadt, wakati huo kijiji nje ya Vienna. Huko, mwezi Oktoba, aliwaandikia ndugu zake wawili barua ambayo hakuituma kamwe. Ilikutwa kwenye makaratasi yake baada ya kufa. Anawaambia wale wanaomwona mkaidi na mchukia watu kwamba hawajui sababu. Anasimulia aibu ya kusimama na mtu anayesikia filimbi kwa mbali, au mchunga kondoo akiimba, na yeye hasikii kitu. Anasema nusura ajitoe uhai, na kilichomzuia ni sanaa tu: aliona haiwezekani kuondoka duniani kabla hajatoa yote aliyohisi yamo ndani yake. Na kila palipotakiwa jina la mdogo wake Johann ameacha nafasi wazi. Wataalamu wana maelezo mbalimbali kuhusu nafasi hizo. Mimi naziona kama mtu anayesema na nduguye na hapohapo hawezi kumwita.

Miezi michache baadaye, 24 Mei 1803, alikuwa jukwaani tena, kwenye bustani ya Augarten, Vienna, na mpiga fidla George Bridgetower. Nasimama hapa kidogo kwa sababu kila nikimtaja Beethoven kuna mtu huniletea lile dai kwamba alikuwa Mwafrika. Halina ushahidi, uchunguzi wa vinasaba kutoka kwenye nywele zake, uliochapishwa 2023, ulionyesha asili ya Ulaya. Lakini Bridgetower alikuwa na asili ya Afrika kwa upande wa baba, alizaliwa Poland, na alipiga fidla kwa kiwango ambacho Beethoven alimtungia sonata, yaani tungo ya fidla na piano, ngumu kuliko za kawaida, akaimalizia usiku wa kuamkia onyesho, wino haujakauka vizuri. Baadaye waligombana, na sonata ikatolewa kwa heshima ya Mfaransa Rodolphe Kreutzer, ambaye hakuwahi kuipiga hadharani. Dunia inaiita Kreutzer mpaka leo. Tukitaka kudai haki yetu kwenye hadithi hii, tuanzie hapo, kwa mtu wa kweli na jina lake lililofutwa.

Nywele hizohizo zimesema mengine pia. Alikuwa na urithi wa hatari ya ugonjwa wa ini, na alikuwa na homa ya ini aina ya B. Mwaka 2024 zikapimwa tena, zikakutwa na risasi nyingi, yaani ile madini. Chanzo cha uziwi hakikuonekana kwenye vinasaba. Filamu ilitengenezwa kabla ya yote haya, na sioni kama imepungukiwa. Kaka yangu naye alipompeleka Baba kwa daktari alitaka sana kujua kwa nini. Daktari alisema ni umri. Kaka alirudi amekasirika, kama vile angepewa sababu nyingine Baba angesikia.

Kuna jambo ambalo watu hulisimulia vibaya, na hata mimi nilikuwa hivyo. Tunasema: kiziwi aliyetunga muziki, muujiza! Kana kwamba alilala akisikia akaamka kiziwi, na nyimbo zikaendelea kushuka kutoka mbinguni. Usikivu ulimtoka polepole, karibu miaka ishirini. Desemba 22, 1808, aliongoza onyesho la saa nne kwenye ukumbi wenye baridi kali, Theater an der Wien. Siku hiyo watu walisikia kwa mara ya kwanza Simfonia zake, yaani tungo ndefu za okestra, ya Tano na ya Sita, na yeye mwenyewe akapiga piano. Mazoezi yalikuwa machache, na kipande cha mwisho, chenye kwaya, kiliharibika katikati ikabidi wasimame na kuanza upya. Ninajua kusimama kule. Jasho linakutoka hata kwenye baridi. Mwaka 1814 mtunzi mwenzake Louis Spohr alimsikia akifanya mazoezi ya piano. Palipotakiwa nguvu aligonga mpaka waya zikalia ovyo. Palipotakiwa upole aligusa kidogo mno kiasi kwamba sauti nzima nzima zilipotea. Baada ya hapo jukwaa la piano likaisha kwake, kwa sababu kupiga kunahitaji sikio la nje.

Kutunga kunahitaji jingine. Alitembea na daftari la rasimu mfukoni, mashambani, kwenye baridi na kwenye jua, akaandika vipande, akavikata, akaviandika tena. Rasimu zake zipo maelfu ya kurasa. Ile mianzo ambayo leo tunaona haingeweza kuwa vingine, kwenye rasimu imeanza ikiwa ya kawaida kabisa, hata dhaifu, ikachongwa mara kwa mara. Wapiga muziki kwenye filamu wanalizungumza hili kwa heshima ya mtu anayejua gharama ya kazi. Na mwalimu yeyote wa kwaya ya solfa, ile ya do re mi, anaelewa. Baba alikuwa akipokea wimbo mpya kutoka dayosisi, anakaa barazani na karatasi, kimya, mdomo umefungwa, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Akifika mwisho anacheka au anakunja uso. Wimbo ameshausikia wote, sauti nne, na hakuna aliyeimba.

Hilo nilikuwa nimeliona utoto wangu wote. Bado alipoacha kusikia nilidhani muziki umemtoka.

Sasa madaftari. Kuanzia mwaka 1818 Beethoven alikuwa na madaftari ya mazungumzo. Mgeni akija anaandika anachotaka kusema, Beethoven anasoma, anajibu kwa mdomo. Yaliyobaki ni karibu 139, mengi yamehifadhiwa maktaba ya taifa mjini Berlin. Usidhani ni mazungumzo ya falsafa tupu. Kuna bei ya vitu, samaki, mvinyo, matangazo ya nyumba aliyoyanakili kutoka magazetini, hesabu za matumizi, malalamiko juu ya watumishi wa ndani, ugomvi usioisha juu ya Karl, mtoto wa kaka… hapana, wa mdogo wake, aliyempigania mahakamani miaka mingi baada ya baba wa mtoto kufa mwaka 1815, mpaka kijana mwenyewe akajaribu kujiua mwaka 1826. Maisha ya nyumba yoyote yamo humo. Ila ni nusu. Tuna maswali ya wageni, majibu yake yalipotelea hewani, kwa sababu yeye alikuwa akisema, haandiki.

Kuna jambo linaniuma kwenye habari za madaftari haya. Anton Schindler, aliyekuwa katibu wake, alibaki nayo baada ya kifo, akaingiza humo maneno yake mwenyewe ili aonekane alikuwa rafiki wa karibu kuliko alivyokuwa. Wataalamu walikuja kuligundua katika miaka ya 1970, na kwa muda wote huo watu walikuwa wameandika vitabu wakitegemea maneno yale. Mtu kiziwi anakukabidhi njia pekee ya kuzungumza naye, na baada ya kufa kwake unaitumia kujisemea mwenyewe! Nimejaribu kumhurumia Schindler. Sijaweza.

Wiki mbili baada ya kuitazama ile filamu nilipanda basi kwenda Lushoto. Njiani, Mombo, nilinunua daftari la kurasa 96 na kalamu mbili za bluu. Baba alikuwa barazani, koti limefungwa vifungo vyote, ukungu bado uko kwenye migomba. Nilizoea kumpigia ukelele shikamoo hadi jirani anaitikia. Safari hii nilikaa kwenye kigoda mbele yake, nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaandika kwa herufi kubwa: SHIKAMOO BABA.

Akaliangalia lile daftari muda mrefu. Nikaogopa kwamba nimemdhalilisha.

"Marahaba, mama," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyerudi kutoka safari: "Watoto hawajambo?"

Tulizungumza mpaka giza. Mama alikuja akasimama mlangoni na sufuria mkononi, akatusikiliza, au niseme alimsikiliza Baba, kwa kuwa mimi nilikuwa kimya. Baba aliuliza bei ya mchele Dar es Salaam. Aliuliza nani alikufa kati ya wale waliosoma naye, maana miaka yote hiyo matangazo ya misiba yalikuwa yakipigiwa kelele na yeye anaitikia kwa kichwa bila kuyapata. Niliandika majina saba. Alinyamaza kwa kila jina. La nne alikuwa besi wake wa kwanza, mtu aliyeimba naye tangu wakiwa vijana, na alikuwa amezikwa miezi minane iliyopita.

"Nilihudhuria," akasema. "Nilidhani ni msiba wa kaka yake."

Sasa madaftari yamefika manne. Nikiyafungua naona kile wanachokiona wasomi wa Berlin: shikamoo, shikamoo, shikamoo, ukurasa baada ya ukurasa, na hakuna marahaba hata moja iliyoandikwa. Umekunywa dawa? Mvua imenyesha huko juu? Ng'ombe kazaa? Majibu ninayo mimi tu kichwani, na nimeanza kuyaandika pembeni kwa kalamu nyekundu nikiwa ndani ya basi la kurudi, kabla sijayasahau.

Kwenye safari ya tatu nilimletea nota. Nilikuwa nimepanga wimbo mdogo wa mavuno kwa sauti nne, na kwaya ilikuwa imeshaanza kuujifunza. Sikumwomba asahihishe, niliweka tu faili la kijani magotini pake. Akaufungua ule mpira wa baiskeli. Kidole kikashuka mstari kwa mstari. Kwenye mstari wa tatu kikasimama.

"Hapa alto umewapa ti, na tena wana do. Wanagongana bure. Wapeleke alto kwenye so."

Jumapili iliyofuata alto waliimba so, na wimbo ukatulia.

Nirudi kwenye filamu, maana sijasema jambo kuhusu Simfonia ya Tisa. Ilisikika mara ya kwanza Vienna tarehe 7 Mei 1824. Beethoven alikuwa jukwaani akionyesha mwendo, lakini wapigaji walikuwa wameagizwa wamfuate Michael Umlauf. Watu walipopiga makofi yeye alikuwa bado amewapa mgongo, mpaka mwimbaji wa alto Caroline Unger, kijana wa miaka ishirini, alipomgeuza awaone. Kila mtu hulia mahali hapa, nami nililia. Ila siku hizi ninamfikiria zaidi Caroline kuliko makofi. Ukumbi mzima ulikuwa unapiga kelele, na yeye peke yake ndiye aliyeona kwamba kelele hazifiki.

Na ule wimbo wenyewe, ule wa furaha ambao dunia yote inaujua, hauanzi na waimbaji. Hauanzi hata na fidla. Unaanza chini kabisa, chelo na besi, zile fidla kubwa za sauti nzito, peke yao, taratibu, hakuna chombo kinachowasindikiza. Wanauimba wote mpaka mwisho ndipo wengine wanapoingia.

Mwezi uliopita niliuandika kwenye daftari la nne, kwa solfa, kwa sababu ni mwepesi kiasi hicho:

m m f s, s f m r, d d r m, m r r.

Baba akausoma kimya. Akausoma tena. Akatoa sauti, na haikuwa sawasawa, siku hizi sauti yake inapanda na kushuka bila yeye kujua, lakini mwendo ulikuwa sahihi, na vituo vilikuwa mahali pake.

"Nani katunga?"

Nikaandika: Beethoven. Alipoutunga alikuwa hasikii.

Hakushangaa. Aliuliza jambo jingine kabisa. "Soprano ndio wanaanza?"

Besi, nikaandika.

"Besi? Wenyewe?"

Wenyewe.

Akavua miwani, akaifuta kwa kona ya koti, akaivaa. Akaweka kidole kwenye m ya kwanza, akashusha sauti mpaka alipofika chini kabisa, akaanza upya.